Mbwa akinguruma, usimkaripie

Mbwa wangu wa kwanza nilimfundisha kunyamaza. Kila aliponguruma nilimkaripia, na baada ya miezi michache akaacha kabisa. Nikajivuna. Siku moja mtoto wa dada yangu akamwinamia mbwa huyo alipokuwa anakula, mbwa akamng'ata mkono bila mlio wowote. Kosa lilikuwa langu. Nilimnyang'anya onyo lake, hofu nikaiacha palepale ilipokuwa.

Tangu hapo nafundisha watu kwanza, wanyama baadaye. Mtu akiniletea mbwa anayemwita mkorofi, namwomba akae kimya dakika 10, asimguse wala kumwita, aandike anachokiona. Wengi huandika "ana hasira" au "ana wivu". Nawarudishia karatasi. Hasira haionekani. Kinachoonekana ni masikio yaliyolala nyuma, mdomo uliofumbwa ghafla, ulimi unaolamba pua ilhali hakuna chakula, mwayo wa mnyama asiye na usingizi, weupe wa jicho unaochungulia pembeni. Hata mkia unaotikisika si furaha kila mara: ukisimama juu, mgumu, unatikisika kwa kasi, usimsogelee.

Mama mmoja aliniambia mbwa wake anapenda sana kukumbatiwa. Nikamwomba amkumbatie, mimi nitazame. Mbwa akageuza kichwa pembeni, akalamba pua mara mbili, akaganda. Alipoachiwa akajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini. Tukarudia, safari hii mama akitazama kwenye kioo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii alikuwa ananivumilia." Nikamwelekeza amkune kifuani kwa sekunde 3 tu, aondoe mkono, asubiri. Mbwa alimtazama, akasogea, akaegemeza bega gotini pake. Huo ndio ukaribu ninaoutaka, ule ambao mnyama ameuomba mwenyewe.

Wanyama wametutangulia katika kusoma miili. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Ujerumani, farasi aitwaye Hans alisifika kwa kujua hesabu. Alijibu kwa kugonga kwato chini. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi yule hakuwa akihesabu. Alikuwa akisoma mijongeo midogo ya kichwa na uso wa muulizaji, mijongeo ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye hukosea. Basi unapokuja na mabega yaliyokaza huku ukisema "njoo" kwa sauti tamu, mnyama anayasikiliza mabega.

Kwa paka, mtazame huku ukifumba na kufumbua macho polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka huelekea kujibu vivyo hivyo, na humkaribia zaidi mgeni anayewafanyia hivyo.

Na mbwa anayenguruma kwenye bakuli? Simama, rudi nyuma. Siku zinazofuata, pita mbali naye, mrushie kipande kitamu kuliko anachokula, endelea na safari yako. Usikimbilie kupunguza umbali. Ngoja mpaka akikuona ainue kichwa kwa matumaini, mwili ukiwa umelegea. Watoto wakae mbali kabisa wakati huo. Ila kama alikuwa mpole na amebadilika ghafla, anza kwa daktari wa mifugo. Nimewahi kuhangaika wiki nzima na "ukaidi" wa mbwa mmoja, kumbe jino lilikuwa limeoza.