Kadi ya simu iamke pamoja na seva: ushauri kwa anayeanza na DAHDI

Kupakia draiva za DAHDI (programu inayounganisha kadi za simu na Linux) kwa mkono ni rahisi: modprobe, kisha dahdi_cfg -vv, laini zinaita. Kazi yenyewe ni kuhakikisha zinaita pia umeme ukikatika usiku na seva ikajiwasha bila mtu. Shika mfuatano huu: moduli ya kadi (yaani draiva yake) iingie kwenye kerneli, kiini cha Linux; dahdi_cfg isome /etc/dahdi/system.conf, faili la mpangilio wa chaneli; ndipo Asterisk, programu inayoendesha simu, ianze. Hitilafu nyingi za kuwasha hutokea pale mmoja anapomtangulia mwenzake.

Endesha dahdi_hardware ujue kadi inataka draiva gani, mathalani wct4xxp au wctdm24xxp. Jina hilo libaki kwenye /etc/dahdi/modules, na mistari ya draiva usizo nazo iwekee # mbele. Ukiwa na kadi za aina mbili, draiva iliyoandikwa juu hupakiwa kwanza na kadi yake huchukua namba za kwanza za chaneli.

Hapo ndipo udev, huduma ya Linux inayotambua vifaa, huwachanganya wageni. Ikiona kadi, inaweza kupakia draiva yenyewe bila kujali faili lako. Leo kadi ya E1 (laini ya kidijitali) inachukua chaneli 1 hadi 31, kesho ya analogi inaitangulia, na system.conf iliyokuwa sahihi inageuka uongo. Faili la dahdi.blacklist.conf ndani ya /etc/modprobe.d lipo kwa ajili ya kuzuia hilo. Usilifute eti linazuia kadi yako. Linazuia tu draiva isijipakie kabla ya zamu yake.

Vigezo vya draiva viweke kwenye saraka hiyohiyo, kwa mfano:

options wct4xxp default_linemode=e1

Kadi ikiamka katika hali ya T1 (aina nyingine ya laini ya kidijitali) ina chaneli 24 tu, kwa hiyo bchan=17-31, chaneli za sauti za E1 kwenye system.conf, haiwezi kukubalika.

Kisha systemctl enable dahdi. Kwa Asterisk, tumia systemctl edit asterisk, na chini ya [Unit] andika mistari yote miwili:

Wants=dahdi.service
After=dahdi.service

After hupanga foleni tu, haimwiti mtu. Anayeita ni Wants. Wengi huandika mmoja na kushangaa.

Dahdi_cfg ikilalamika DAHDI_SPANCONFIG failed na namba 6, mara nyingi draiva haijapakiwa. Namba 22 kwenye DAHDI_CHANCONFIG hutokana sana na ishara zilizogeuzwa: bandari ya FXO (inayopokea laini ya kampuni ya simu) huandikwa fxsks, ya FXS (inayochomekwa simu ya mezani) huandikwa fxoks. Ndiyo, ni kinyume, na kila mtu hunaswa angalau mara moja.

Kerneli ikisasishwa, moduli ulizojenga kutoka msimbo hubaki kwenye saraka ya kerneli ya zamani chini ya /lib/modules. Linganisha na uname -r (inayoonyesha toleo la kerneli inayotumika), weka vichwa vya kerneli mpya (kernel headers), jenga upya. Ujumbe Required key not available ni jambo jingine: Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, imekataa moduli isiyo na saini.

Jaribu kwa kuzima kabisa, si kuwasha upya tu. Seva ikirudi, usiguse kitu kabla ya kuendesha lsdahdi, inayoorodhesha chaneli, kisha dahdi show channels ndani ya Asterisk. Kadi ya analogi ya TDM400P yenye moduli za FXS (hapa ni vipande vinavyochomekwa kwenye kadi, si draiva) ikionekana kwenye lspci lakini bandari hizo zimekufa, fungua kasha uone kama waya wa umeme wa Molex umechomekwa kwenye kadi.