Namba bila kizio haisemi kitu: maswali yenu kuhusu CRP, ESR na ndugu zake

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja: vipimo vya damu vinavyoonyesha mchochota mwilini, au inflamesheni kama wengi wenu mnavyoiandika. Nimefanya kazi kwenye meza ya maabara kwa miaka mingi, na CRP (protini ya damu inayopanda kukiwa na mchochota) na ESR (kasi ya seli nyekundu kuzama kwenye mrija) ni vipimo vilivyopita mikononi mwangu karibu kila siku ya kazi. Nimechagua barua tano. Mbili nimezijibu kwa urefu, kwa sababu naona watu wakiumizwa na mambo yaliyomo.

*Shikamoo dada. Nina miaka 34. Nilipima CRP kwa sababu ya maumivu ya kiwiko, ikaja 6. Wiki tatu baadaye nikapima maabara nyingine, ikaja 0.7. Nilifurahi nikaacha kurudi kliniki. Mume wangu anasema haiwezekani ishuke namna hiyo. Nani yuko sahihi? (Mwenye furaha)*

Marahaba, mdogo wangu. Mumeo ana hoja. Umetuma picha za karatasi zote mbili, nami nimezitazama vizuri. Ya kwanza imeandikwa mg/L, miligramu kwa lita. Ya pili imeandikwa mg/dL, miligramu kwa desilita, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita. Ukiigeuza hiyo 0.7 iwe kwa lita, unapata 7. Kwa hiyo hujashuka, uko palepale. Wala usiseme umepanda, maana CRP ya mtu asiyeumwa hucheza zaidi ya hapo kati ya siku na siku.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Seli za kinga zikikutana na vijidudu au na tishu iliyoumia, humwaga kemikali za kuitana, na mojawapo, interlukini-6, ikifika kwenye ini, ini huanza kutoa CRP kwa wingi. Baada ya saa sita hivi imeshaanza kupanda, na siku ya pili inafika kileleni. Chanzo kikiisha, nusu ya iliyomo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 19 hivi. Ndiyo maana wodini wanaipenda. Mgonjwa wa nimonia akiingia na 240 na dawa ikamkubali, kwa siku chache namba inaporomoka. Isipoporomoka, daktari anajua ama kuna jipu lililojificha au antibiotiki si yenyewe. Hata ugunduzi wake ulitokana na wagonjwa wa nimonia: mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wakiwa Taasisi ya Rockefeller kule New York, waliona kwamba damu ya wagonjwa hao ina kitu kinachoshikana na sehemu ya bakteria waliyoiita C, na mgonjwa akipona kitu hicho kinatoweka.

Kiwango chako, 6 au 7, ni kidogo. Maabara nyingi huweka mpaka wa kawaida kwenye 5 au 10. Mafua yanayoishia, fizi zinazotoka damu, uzito uliozidi, vyote vinaweza kukufikisha hapo. Umetaja pia kwamba unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye estrojeni hupandisha CRP bila ugonjwa wowote. Mwambie daktari. Kliniki urudi, maana kwenye barua nzima hukusema kama kiwiko kimepona, na kiwiko ndicho kilichokupeleka.

*Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 71. ESR yake ni 48. Tuliambiwa ana maambukizi kwenye damu, akameza antibiotiki dozi tatu, kila akipima inarudi 45, 50, 48. CRP ni 3 mg/L, hemoglobini 9.8. Hana homa, ila analalamika uchovu. Tubadilishe dawa? (Kijana wa mama)*

Marahaba, mwanangu. Hakuna antibiotiki ya kushusha ESR. Barua yako imenikalia moyoni kwa sababu nimekutana na akina mama wengi wa aina hii, wanaobebeshwa dozi baada ya dozi kwa ajili ya namba moja. Kabla hajameza kidonge cha dozi ya nne, rudini kwa daktari mumuulize waziwazi: tunaua kijidudu gani, na kiko wapi?

Nikueleze kipimo chenyewe kinavyofanyika, uone kwa nini hakiwezi kubeba mzigo waliokitwisha. Damu huchanganywa na sitreti isigande, kisha huvutwa ndani ya mrija mrefu mwembamba mpaka alama ya sifuri. Mrija unasimamishwa wima kwenye kishikio, na saa inaanza kuhesabu. Kitambo kidogo, juu kabisa, unaanza kuona ukanda wa majimaji ya manjano, na chini yake safu nyekundu ikiteremka polepole. Zikitimia dakika 60, unasoma safu imeshuka milimita ngapi, na hiyo ndiyo ESR. Kwa kawaida seli nyekundu hazishikani, kwa sababu zote zina chaji hasi juu yake na hivyo zinasukumana. Fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) na kingamwili zikizidi kwenye damu, msukumano huo unapungua, seli zinajipanga kama sarafu zilizorundikwa, na rundo huzama upesi kuliko seli moja moja. Edmund Biernacki wa Poland aliandika juu ya jambo hili mwaka 1897. Robin Fåhraeus wa Sweden, mwaka 1918, aliliona kwa wajawazito na kufikiria kulitumia kama kipimo cha mimba. Mwaka 1921 Alf Westergren akaweka utaratibu wa mrija ambao maabara zinaufuata mpaka leo.

Sasa angalia ni vitu vingapi vinavyoipandisha bila maambukizi. Umri ni mmojawapo. Kuna kanuni ya haraka kwa wanawake: chukua umri, ongeza 10, gawanya kwa 2. Kwa mama yako inatoka 40 na nusu, kwa hiyo 48 imezidi kidogo tu. Ugonjwa wa figo huipandisha. Mrija nao ukiinama kidogo, seli huteleza kwenye ukuta wa chini na kushuka haraka. Nimewahi kusimamisha majibu ya asubuhi nzima kwa sababu kishikio kilikuwa kimelegea upande mmoja, na karibu kila mgonjwa alikuwa anatoka na ESR ya juu. Mwenye selimundu yeye huwa kinyume: seli zake zilizopinda haziwezi kujirundika, hivyo ESR yake inaweza kuwa ndogo hata akiwa anaumwa kweli.

Halafu kuna upungufu wa damu. Seli zikiwa chache, hazizuiani njiani, zinazama haraka. Hemoglobini ya mama yako ni 9.8, na CRP yake, ambayo ingekuwa ya kwanza kupanda kwa maambukizi makali ya bakteria, ni 3. Hapo ndipo wangeanzia. Mama wa miaka 71 hapungukiwi damu bila sababu. Ombeni achunguzwe madini ya chuma, figo, na kama kuna damu inayopotea taratibu tumboni au kwenye utumbo. Kama ana maumivu ya mifupa pia, hasa mgongo, daktari apime protini za damu na mkojo, kwa ajili ya saratani ya uboho iitwayo mieloma, ambayo hupandisha ESR huku CRP ikiwa imetulia. Sisemi anayo. Nasema dozi ya nne ya antibiotiki haitaionyesha wala kuiondoa.

Na swali hili lazima nikuulize. Je, ana maumivu mapya ya kichwa upande wa panda la uso, taya zinazochoka akitafuna, ngozi ya kichwa inayouma akichana nywele, au macho yanayoingia giza kwa muda? Kama lipo hata moja, mpeleke leo hii, usingoje miadi. Kuna mchochota wa mishipa ya kichwani unaowapata watu waliovuka miaka 50, na usipotibiwa haraka unaweza kumpofusha mtu.

*Mimi ni mwanaume wa miaka 45. Nimepima hs-CRP, 2.6. Kolesteroli ni nzuri. Nimesoma kwamba inflamesheni ndiyo mzizi wa magonjwa yote ya moyo. Je, nianze vidonge vya kupunguza inflamesheni kila siku? Niling'olewa jino siku chache kabla ya kupima. Navuta sigara. (Msomaji wa siku nyingi)*

Ndugu yangu, hs-CRP ni protini ileile ya barua ya kwanza, ila imepimwa kwa njia inayoweza kutofautisha viwango vidogo sana. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walipendekeza isomwe hivi kwa hatari ya moyo: chini ya 1 mg/L ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, zaidi ya 3 kubwa. Lakini waliweka masharti: upime mara mbili, kama wiki mbili kati yake, ukiwa mzima, na ikizidi 10 utafute kwanza maambukizi. Wewe umepima mara moja, kidonda cha jino kikiwa bado kibichi. Hiyo 2.6 iweke pembeni, upime upya fizi zikishapona.

Ulichosoma kina ukweli ndani yake, lakini kimevutwa kupita kiasi. CRP yenyewe haionekani kuwa ndiyo inayoharibu mishipa. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliozaliwa na jeni zinazowapa CRP ya juu maisha yao yote hawaugui moyo zaidi ya wengine. Inayoshiriki ni michakato iliyo nyuma yake. Jaribio la CANTOS, lililotangazwa mwaka 2017, lilichukua zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na waliokuwa na hs-CRP ya 2 au zaidi. Wengine walipewa kanakinumabi, dawa inayozuia interlukini-1 beta, kemikali nyingine ya kuitana ya seli za kinga, na isiyogusa kolesteroli. Kwa kipimo cha kati cha dawa hiyo, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa ujumla vilipungua kwa kama asilimia 15. Hapo ikathibitika kwamba mchochota unahusika kweli. Lakini jaribio hilohilo lilionyesha vifo vya maambukizi vikiongezeka, na jumla ya vifo haikupungua. Ukizima ulinzi wa mwili unalipia. Ndiyo maana ninaumia nikiona watu wanauziwa vidonge vya "kuondoa inflamesheni" kama vile mchochota ni uchafu usio na kazi.

Vidonge vya maumivu vya kila siku, kama diklofenaki, hapana kabisa. Vinaweza kuchubua tumbo, kuumiza figo, na kuongeza hatari ya moyo huohuo unaotaka kuulinda. Statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, ni suala jingine. Jaribio la JUPITER la mwaka 2008, lenye watu 17,802 wenye kolesteroli mbaya isiyo juu na hs-CRP ya 2 au zaidi, lilionyesha rosuvastatini ikipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na matatizo ya aina hiyo kwa asilimia 44 likilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Dawa hiyo ilishusha kolesteroli na CRP vyote viwili, kwa hiyo huwezi kusema faida ilitoka upande mmoja. Lijadili na daktari anayejua shinikizo lako, sukari yako na historia ya familia.

Sigara umeitaja mwisho kabisa wa barua. Mimi ningeanza nayo. Inachochea mishipa kila siku, na hakuna kidonge kitakachoshindana nayo ukiendelea kuvuta. Baada ya hiyo, pima kiuno, maana mafuta ya tumboni nayo hutoa interlukini-6, na mtu akipungua uzito CRP hushuka naye.

*Feritini yangu ni 52, nimeambiwa madini ya chuma yanatosha. Hedhi yangu ni nzito, nachoka kupanda ngazi. CRP ilikuwa 38 siku hiyo kwa sababu ya maambukizi ya kifua. (Mchovu)*

Dada, huenda hayatoshi. Feritini ni ghala la chuma, lakini pia hupanda wakati wa mchochota, hata kama ghala limekaribia kuwa tupu. Shirika la Afya Duniani linatumia mpaka wa 15 kwa mtu mzima asiyeumwa, na linaupandisha hadi 70 kwa mwenye maambukizi au mchochota. Wewe ulipima ukiwa na CRP ya 38, hivyo 52 yako iko chini ya mpaka unaokuhusu. Rudia kifua kikishapona, na uombe wakupime kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma.

*Nina lupasi. Vidole vinauma na kuvimba asubuhi, lakini CRP ni 4 na nimeambiwa hakuna kitu. Je, ni mawazo yangu tu? (Binti)*

Si mawazo yako, mwanangu. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ni mojawapo ya magonjwa ambayo CRP mara nyingi hubaki chini hata yanapochachamaa, wakati ESR inapanda. Anayekutibu aangalie viungo vyako kwa mikono yake, apime protini kwenye mkojo, na apime komplementi C3 na C4, protini za kinga zilizo kwenye damu, ambazo zikishuka huwa ni dalili ya lupasi kuamka. Siku ukipata homa na CRP ikaruka kufika 80 au 100, usiwaache waseme "ni lupasi yako tu." Waombe watafute maambukizi siku hiyohiyo, hasa kama unatumia dawa za kushusha kinga.