Watoto wa jirani wanaharibu fensi ya bustani yangu kwa mpira, sheria inasemaje?

SWALI: Wakili habari za kazi. Naishi Kimara, pembeni ya nyumba nina kibustani cha mchicha, matembele na miche ya maua nayouza, nimezungushia fensi ya waya na nguzo za zege, nyuma ni michongoma. Jirani ana watoto watatu, wa miaka 8, 11 na 13. Wakitoka shule wanaita wenzao wanacheza chandimu kwenye uwazi uliopo kati yetu na goli moja wameliweka usawa wa fensi yangu. Waya umefanya tumbo, nguzo moja imelala, miche inakanyagwa wakifuata mpira. Mama yao nimemwambia mara nyingi anajibu ni watoto tu hao. Fundi anasema kurekebisha ni Sh 180,000. Mume wangu anataka twende polisi, mdogo wake anasema mpira ukiingia tena tuupasue, mimi nafikiria tujenge ukuta yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu pole sana, na nianze na la polisi maana ndo linaloweza kukuharibia mengine yote. Kosa la kuharibu mali kwenye Kanuni ya Adhabu linataka mtu awe ameharibu kwa makusudi, sasa mtoto aliyepiga shuti akitafuta goli mpira ukaenda kwenye waya, huyo alikusudia kufunga, waya hakuwa na habari nao. Halafu kuna umri. Sheria hiyohiyo inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kijinai, kwahiyo huyo wa 8 ameshatoka, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kufanya vile, ndo hapo alipo huyo wa 11. Anabaki wa 13, naye akishtakiwa anaenda Mahakama ya Watoto, kwa hapa Dar wengi mnaijua ile ya Kisutu, na kwa kweli sitamani kuona mtoto anapandishwa Kisutu kwa ajili ya waya, sidhani kama hata shemeji akitulia atatamani. Kituoni uwezekano mkubwa watakuambia hili ni dai nenda serikali ya mtaa, utarudi nyumbani jirani ameshajua ulienda polisi, na hapo hiyo laki na themanini kuipata kwa hiari ndo basi tena.

Ila kutokuwa jinai hakukuondolei haki yako ya kulipwa. Hili ni dai la kawaida, na hapa kuna kitu watu wengi wanakosea, wanadhani mzazi analipa tu kwa sababu ni mzazi. Kwa misingi tuliyoirithi kutoka Uingereza na ambayo mahakama zetu bado zinaitumia, mzazi anawajibika kwa uzembe wake yeye mwenyewe, kwamba alijua watoto wanafanya nini au alipaswa kujua, akaacha. Siku ile mpira unagonga waya kwa mara ya kwanza huyo mama alikuwa na la kujitetea. Leo ameshaambiwa tena na tena na jibu lake ni lilelile, basi hilo "ni watoto tu" ndo linalomfunga, mradi uweze kuonyesha kwamba aliambiwa.

Na kuonyesha ndo kazi yenyewe. Maneno ya getini hayana ushahidi, kwahiyo leo jioni mtumie ujumbe wa WhatsApp, wa heshima kabisa, mfano "Mama Asha habari za jioni, jirani yangu naomba tuongee kuhusu mpira wa watoto, leo tena nguzo imesogea na miche imekanyagwa, naomba tukae tuone tunafanyaje". Usitukane, usitishie, maana ujumbe huohuo kesho unaweza kusomwa na mwenyekiti au hakimu. Akijibu vizuri umepata suluhu, akijibu vibaya au asipojibu umepata ushahidi.

Kisha piga picha. Simu yako inatosha, ila jua unapiga nini, kwa sababu upande wa pili watasema fensi ilikuwa imechoka yenyewe. Waya uliokufa kwa kutu huwa unaanzia chini kwenye udongo na unakatika ukiushika, waya uliopigwa na mpira unafanya tumbo kuanzia usawa wa goti mpaka kifuani, na ile binding waya inayoushikilia kwenye nguzo inakuwa imefyatuka au imekatika pale usawa wa goli peke yake wakati nguzo nyingine ziko sawa. Picha moja ya mbali ionyeshe goli na fensi kwa pamoja, nyingine ya karibu ionyeshe tumbo, nyingine ionyeshe sehemu nzima za fensi ileile ili anayeangalia alinganishe. Makadirio ya fundi yawe kwenye karatasi, vifaa na ufundi vitenganishwe, jina na sahihi ya fundi viwepo. Na usiongeze, kama waya ulikuwa na miaka mingi sheria inakurudisha pale ulipokuwa, haikununulii fensi mpya, mtu anayedai nguzo kumi wakati imelala moja anaharibu na ile moja aliyokuwa na haki nayo.

Chukua na daftari, andika tarehe na kilichotokea, basi. Kuna kesi ya Uingereza, Bolton v Stone ya mwaka 1951, mama mmoja amesimama barabarani nje ya nyumba yake mpira wa kriketi ukatoka uwanjani ukampiga, akashindwa kesi, na moja ya sababu kubwa ni kwamba kwa miaka takribani 30 mipira iliyotoka ilikuwa kama 6 hivi, hatari ilionekana ndogo mno. Kwako mpira unaingia wiki nzima, lakini ukisema "kila siku" bila kumbukumbu ni maneno yako dhidi ya maneno yake. Nyingine ni Miller v Jackson ya 1977, majirani wa kiwanja cha kriketi waliomba mchezo usimamishwe, mahakama ya rufaa ikakataa kuusimamisha ikaamuru walipwe fidia ya paundi 400. Kesi hizi haziwafungi mahakimu wetu ila zinasikilizwa, na hiyo ya pili ikupe picha kwamba kulipwa gharama ni rahisi kuliko kupata amri kwamba watoto wasicheze kabisa. Na sheria yetu yenyewe, Sheria ya Mtoto ya 2009, inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, mavazi na matibabu. Huo uwazi ndo uwanja walionao, Dar viwanja vya wazi vinaisha kila siku, kwahiyo ukienda na dai la kuwafukuza utakuwa mnyonge, nenda na dai la kulipwa na goli kuhama.

Sasa nenda kwa mjumbe wako kisha ofisi ya serikali ya mtaa, uombe aitwe kwa barua. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumhukumu mtu alipe wala kumweka mtu ndani, na asikutishie mtu kwamba anayo, kazi yake pale ni kuwakalisha. Mkielewana msiondoke na maneno matupu, andikeni, kitu kama hiki: "Mimi fulani nakubali kwamba watoto ninaowalea wameharibu waya na nguzo 1 ya fensi ya fulani. Nitalipa Sh 180,000 kwa awamu mbili, Sh 90,000 tarehe kadhaa na Sh 90,000 tarehe kadhaa. Goli lililo upande wa fensi litahamishiwa upande wa pili, na mpira ukiingia bustanini ataufuata mtu mzima au wataomba kwanza." Sahihi zenu, mashahidi wawili, muhuri wa mtaa, kila mmoja na nakala yake. Hicho kipengele cha goli ukikisahau utalipwa Julai na Septemba tumbo limerudi palepale. Na karatasi hiyo ina nguvu kuliko unavyodhani, dai la uharibifu lina ukomo wa miaka 3, makubaliano yakivunjwa una miaka 6, na kazi yako mahakamani inakuwa kuonyesha sahihi yake tu badala ya kuanza kueleza habari za mashuti.

Akigoma kabisa, ni mahakamani. Dai dogo kama hili unalifungua mwenyewe bila wakili, kila kitu Kiswahili, unapeleka picha, ujumbe, makadirio, daftari na fundi wako kama shahidi. Ukikwama kuandika dai tafuta wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na kwa asiye na uwezo huduma ni bure.

La mdogo wake mume, hapana. Mpira kuingia kwako hakuufanyi uwe wako, ukiupasua umeharibu mali ya mtu na safari hii kwa makusudi, maana yake lile kosa la jinai ambalo watoto hawakulifanya unalifanya wewe mtu mzima. Kuchapa mtoto wa mtu pia hapana. Na naomba sana, asije mtu akaweka vipande vya chupa kwenye michongoma au kuvuta waya wa umeme kwenye fensi, mtoto akiumia pale hakuna hakimu atakayekumbuka matembele.

Ukuta unaruhusiwa, ila kabla hujanunua tofali moja hakikisha mpaka wako uko wapi, kwa hati au leseni ya makazi na zile bikoni, na uombe kibali manispaa ya Ubungo. Huo uwazi kama ni njia au hifadhi ya barabara ukuta wako unaweza kuja kuwekewa X, na nyie wa Kimara bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro ya 2017 mliiona kwa macho. Jirani akibisha mpaka, hapo inageuka kesi ya ardhi, unaanzia Baraza la Kata ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, zikipita siku 30 bila suluhu ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, safari ndefu hiyo kwa sababu ya chandimu. Mimi ningekuwa wewe ningeweka kwanza mirunda miwili na wavu mkuukuu wa uvuvi wa kule Ferry nyuma ya goli, gharama yake iingie kwenye yale makubaliano nusu kwa nusu, na nguzo ile irudishiwe zege siku hiyohiyo fundi akiwa bado yupo.