Maswali ya Wasomaji: Mwanangu anaijua dini kwa vitisho tu

SWALI: Assalaam alaykum. Mi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 5. Mkubwa madrasa anaenda na sura kahifadhi nyingi mashallah, lakini naona haifurahii, anafanya kama adhabu. Sasa majuzi mdogo wake kamwaga maziwa, nikamsikia anamwambia "Mungu atakuchoma moto", mdogo akalia mpaka basi. Nikajiuliza kayatoa wapi haya maneno, kumbe ndo tunavyoongea humu ndani, kila kosa moto. Nataka niwe nawasimulia hadithi za dini usiku ila elimu yangu ndogo na sijui nianzie wapi.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Anzia kwa Mtume (s.a.w.) akiwa na watoto, si vitani na si kwenye miujiza mikubwa mikubwa, hayo yatakuja. Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake akiitwa Abu Umayr, huyu mtoto alikuwa na kandege anakochezea, na Mtume akienda kwao anamtania, "Ewe Abu Umayr, kamefanya nini kale kandege?" Ipo kwa Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume. Riwaya nyingine zinasema kandege kalikuwa kamekufa na mtoto kanuna. Hadithi yenyewe ndo hiyo tu, fupi, elimu kubwa haihitajiki, na nakuhakikishia huyo wako wa miaka 5 atataka kujua kandege kalikuwa na rangi gani.

Kesho yake wape ile ya sijda. Mtume anaswalisha watu, mjukuu wake kampanda mgongoni akiwa kasujudu, na sijda ikawa ndefu mpaka watu wakadhani kuna jambo limetokea au wahyi unashuka. Alipoulizwa akasema mwanangu alinipanda nikachukia kumharakisha kabla hajamaliza haja yake. Kaipokea Nasai hiyo. Halafu Anas mwenyewe, alimtumikia Mtume miaka 10 na anasema hakuwahi hata siku moja kumwambia "ah!", hii nakuomba baba yao nae awepo akiisikia, maana nyumba ambayo kila kosa linapelekwa motoni wenye kuihitaji zaidi ni wakubwa.

Baada ya hapo ingia kwenye Qur'ani, na hapo dada yangu utajiri hauishi. Sura Yusuf ina aya 111 na karibu yote ni kisa kimoja kinakwenda moja kwa moja, Mwenyezi Mungu mwenyewe anatwambia hapo mwanzoni kwamba anatusimulia simulizi nzuri kuliko zote. Usiimalize usiku mmoja! Mwache Yusuf kisimani, zima taa, waambie tutaendelea kesho, uone kama kesho hawatakuja wenyewe kukuvuta nguo. Au mama yake Musa, kamtia mwanawe mtoni, dada mtu anafuatilia kwa mbali bila watu kujua, mtoto kafika kwa Firauni anakataa kila mnyonyeshaji, mpaka dada anajitokeza na kusema niwaonyeshe watu wa kumlea? Huyo mkubwa wako wa miaka 9 mwambie dada yake Musa alikuwa na kazi gani siku ile, atajiona humo. Na yule mdudu chungu aliyewaambia wenzie ingieni majumbani asije Sulaiman na majeshi yake wakawaponda bila kujua, Sulaiman akasikia akatabasamu.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko pote. Usiigeuze hadithi fimbo. Umesimulia Yunus vizuri, samaki kammeza, giza, kaomba, Mola kamtoa, halafu dakika ya mwisho unamgeukia mtoto "unaona, na wewe ukiendelea kunikaidi..." basi umeiharibu yote, kesho ukisema njoo nikusimulie atajua anaitwa kusemwa. Nyamaza. Mwache aulize. Akiuliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani mwambie Qur'ani haikututajia, ni jibu zuri kabisa. Na ile dua ya Yunus, La ilaha illa anta subhanaka inni kuntu minadh-dhalimin, wafundishe ikiwa humo humo ndani ya kisa, wataishika maana wanajua nani aliisoma na alikuwa wapi.

Sisemi moto ufichwe, moto ni haki na ni imani yetu. Ila mtoto amjue kwanza Mola aliyemsamehe mtu kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, hiyo nayo ni sahihi ya Bukhari na Muslim. Kuhusu maziwa, mwite mkubwa mkiwa wawili tu, mwambie mdogo wako bado mtoto, hana dhambi ya kuandikiwa, na maziwa yalimponyoka. Mwambie na nyie wazazi mtaacha kusema vile.

SWALI: Narudi kazini usiku nimechoka, watoto nawawekea katuni za mitume kwenye simu. Si inatosha?

JIBU: Kaka yangu, kwa siku uliyochoka kweli ni sawa, ukishazikagua. Kutosha hapana. Katuni haimjui mwanao anaogopa nini na haisimami akiuliza. Sura ya Tembo ina aya 5 tu na unaisoma kwenye swala kila siku, kisa cha Abraha na jeshi lake la tembo lililokuja kuibomoa Kaaba kinasimulika hata umejilaza, nao wamekulalia mkononi.

SWALI: Mama mkwe anawasimulia watoto kisa cha bibi aliyekuwa akimtupia Mtume takataka kila siku, alipougua Mtume akaenda kumjulia hali akasilimu. Nimesikia si sahihi. Nimkatazeje mtu mzima?

JIBU: Umesikia sawa, pamoja na umaarufu wake kisa hicho hakina sanadi (mlolongo wa waliokipokea) kwenye vitabu vya hadithi tunavyovitegemea, na Mtume kaonya vikali kumzulia uongo. Lakini usimsahihishe mbele ya wajukuu, utamvunjia heshima na wao watajifunza kumdharau. Mfuate akiwa peke yake, mwambie mama, nimeuliza kwa wenye elimu wakasema hiki hakikuthibiti, ila kuna cha yule kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume, akaugua, Mtume akaenda kumtazama akakaa kichwani pake, na kijana akasilimu, hicho kipo kwa Bukhari. Karibu ni utamu ule ule na huyu ana ushahidi. Halafu mwombe awasimulie na ya kwake mwenyewe, funga yake ya kwanza ilikuwaje, nani alimfundisha Alhamdu, hayo hakuna kitabu kitakachowapa na yeye ndo mwenye sanadi.