Nina viza mbili za Ulaya kwenye pasipoti moja: nionyeshe ipi Frankfurt?

SWALI: Assalaam aleikum mshauri. Mimi ni muuguzi, naishi Mombasa. Mwaka jana ubalozi wa Ufaransa ulinipa viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja ya ukaaji mfupi) ya matembezi, ya kuingia mara nyingi, kwa sababu dada yangu ameolewa Lyon. Bado haijaisha. Kwenye pasipoti yangu ya zamani nina viza ya Marekani ya B1/B2, yaani ya biashara na matembezi, nayo ingali hai. Sasa Wajerumani wamenipa viza D, ya ukaaji mrefu, nikaanze kazi kama muuguzi msaidizi huku nikisubiri vyeti vyangu vitambuliwe. Ajenti aliyenitafutia kazi anasema viza mbili za Ulaya kwenye pasipoti moja ni kosa, ninyamaze, na nikifika Frankfurt nionyeshe ile ya Ufaransa kwa kuwa haina maswali mengi. Tena nilifanya kazi Dubai hadi miezi minne iliyopita, na ukaazi wangu wa huko haujafutwa. Je, ni halali kuwa nazo zote? Nionyeshe ipi? Na siku nilizokaa Lyon zitanipunguzia?

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu, na hongera. Najua D haipatikani bila jasho: Kijerumani cha usiku baada ya zamu, vyeti vya kutafsiriwa, miezi ya kungoja miadi ya ubalozini. Ndiyo maana sitaki uiharibu kwenye dirisha la mwisho.

Kuwa nazo zote ni halali. Frankfurt onyesha D. Siku za Lyon hazikupunguzii kitu kwenye D.

Shida kubwa ninayoiona kwa wasafiri wetu ni kuichukulia kila viza kama kibali cha kuishi. Viza ni ruhusa ya kupiga hodi. Mtu anaweza kuruhusiwa kupiga hodi nyumba tano, na nyumba moja ikampa ruhusa mbili, moja ya mgeni na moja ya mpangaji. Akishavuka kizingiti, lakini, ama ni mgeni ama ni mpangaji. Kinachokubana kila siku ni ile hali uliyoingia nayo, wala si wingi wa stika kwenye pasipoti. Marekani, kwa mfano, hukubali mtu mmoja awe na B1/B2 pamoja na F-1 ya masomo kwa wakati mmoja. Wasichokiruhusu ni viza mbili hai za aina ile ile. Na viza ya Marekani na ya Ujerumani hazina ugomvi wowote, kila nchi inasimamia mlango wake.

Sasa fungua pasipoti yako uzitazame zile stika mbili za Ulaya. Ya Kifaransa imeandikwa VALABLE POUR (inafaa kwa), na mbele yake ÉTATS SCHENGEN (nchi za Schengen). Aina ni C. Idadi ya kuingia ni MULT, yaani mara nyingi. Kisha kuna DURÉE DU SÉJOUR na idadi ya siku, ambazo ndizo siku unazoruhusiwa kukaa. Tarehe ya mwisho wa viza ni jambo jingine kabisa, na wengi huzichanganya hizo mbili wakajikuta wamepitiliza. Ya Kijerumani imeandikwa GÜLTIG FÜR (inafaa kwa), DEUTSCHLAND (Ujerumani), na aina ni D. Shuka chini mpaka ANMERKUNGEN, yaani maelezo ya ziada. Hapo utaona kifungu cha sheria ya ukaazi ulichopewa. Kwa anayesubiri vyeti vitambuliwe mara nyingi ni § 16d. Utaona pia maneno kuhusu Erwerbstätigkeit, yaani kazi ya kipato: unaruhusiwa kazi gani, na pengine kwa mwajiri gani. Mistari hiyo midogo ina uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule. Isome kabla hujapanda ndege, si baada ya kuanza kazi.

Kwa hiyo C na D si kitu kimoja kilichorudiwa. C ni ya ukaaji mfupi katika nchi zote za Schengen, ambazo sasa ni 29. D ni viza ya taifa moja kwa anayekwenda kukaa zaidi ya miezi mitatu. Konsula anayekupa D anaweza kuibatilisha C akiona sababu zilizokufanya upewe hazipo tena, na Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inampa uwezo huo. Ukiona C yako imepigwa mhuri wa kubatilishwa, basi imekufa, usiitumie. Kama haijaguswa, iko hai, na wewe hukuvunja sheria yoyote.

Nije kwa ushauri wa ajenti, kwani ndio ulionikalisha kitako kuandika. Tuseme umefika Frankfurt umechoka, foleni ni ndefu, na afisa anakuuliza umekuja kufanya nini. Umempa ukurasa wa viza ya Ufaransa. Itabidi useme nini? Useme umekuja kumtembelea dada Lyon, na huku mkobani una mkataba wa hospitali? Huo ni uongo mbele ya afisa wa mpaka, naye ana uwezo wa kuibatilisha C palepale na kukukatalia kuingia. Ungekuwa na haki yote ya kupita kwa D, ukajinyima mwenyewe kwa maneno ya mtu aliyebaki Mombasa.

Tuchukulie ulipita. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza mfumo wa kusajili kuingia na kutoka kwa kompyuta mahali pa mhuri wa wino. Unapigwa picha ya uso, alama zako za vidole zinalinganishwa na zile ulizotoa ulipoomba viza, na mfumo unaanza kuhesabu siku zako. Mfumo huo ni wa wanaokaa muda mfupi. Mwenye viza D au kadi ya ukaazi hasajiliwi humo. Ukiingia kwa C, unasajiliwa kama mgeni wa siku chache, na siku hizo zikiisha bila kutoka, jina lako linakaa kwenye orodha ya waliopitiliza. Sisemi D yako itakufa papo hapo. La, bado ni kibali halali cha kukaa Ujerumani. Ila utaanza maisha mapya ukiwa na kosa la kwenye kompyuta la kujieleza kila mpaka, na kulifuta ni barua juu ya barua, kwa Kijerumani.

Basi fungua ukurasa wa D kabla hujafika dirishani. Mkataba wa kazi, barua ya mwajiri na uthibitisho wa bima ya afya viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililopakiwa tumboni mwa ndege. Akiuliza, jibu: nimekuja kufanya kazi, mwajiri wangu ni huyu. Akiiona C na kuuliza, mwambie ni ya kumtembelea dada yangu. Ukweli huo hauna kona.

Kuhusu siku. Kanuni ya C ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hesabu hiyo inatembea: kila siku unapohesabu, unarudi nyuma siku 180. Siku ulizokaa Lyon ziko kwenye hesabu hiyo ya wageni. Siku utakazokaa Ujerumani kwa D au kwa kadi ya ukaazi hazimo. Na hapa kuna zawadi ambayo ajenti hakukwambia: D yenyewe inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya 180. Ukitaka kula Idi na dada yako Lyon, panda treni na D yako na pasipoti. Huihitaji C hata kidogo. Ireland na Uingereza haziko Schengen, kwa hiyo huko D haikufikishi.

Kwa nini basi nasisitiza usiizoee ile C hata ukiwa tayari umeajiriwa? Kwa sababu ya kinachowapata wengi baada ya kufika. D haizidi mwaka mmoja, na nyingine ni fupi zaidi. Ukishapata nyumba una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, kisha unaomba kadi ya ukaazi kwenye ofisi ya wageni, Ausländerbehörde. Omba kabla D haijaisha, hata kama miadi yenyewe iko mbali. Foleni za ofisi hizo katika miji mikubwa ni ndefu sana. Ukiwa umeomba kwa wakati, unapewa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Itazame kwa makini. Kama kifungu kilichotajwa ni § 81 fungu la 4, ukaazi wako unaendelea, unaweza kusafiri na kurudi. Kama ni fungu la 3, unaweza kukaa lakini ukitoka haikurudishi ndani.

Nimeshaona mtu akiwa na msiba nyumbani, D imeisha, karatasi hajapewa, akaondoka akisema moyoni, “Nitarudi kwa ile viza ya matembezi.” Akarudi kweli, kama mgeni. Ofisi ya wageni ikamuuliza ukaazi wake ulikatika lini, na akatumia miezi kadhaa kueleza. Msiba hausubiri, nalijua hilo vizuri. Lakini ofisi hizo huweza kutoa karatasi ya haraka kwa dharura ya kifo ukienda na ushahidi. Nenda uiombe kwanza.

Kazi za pembeni nitazipitia haraka. D ya Ujerumani haikupi ruhusa ya kufanya hata zamu moja Ufaransa. B1/B2 haikuruhusu kuajiriwa Marekani, hata kumlea mtoto wa jirani kwa malipo ukiwa likizoni. Na ndani ya Ujerumani, kazi ya pili inategemea ile mistari ya ANMERKUNGEN na baadaye maelezo ya kadi yako.

Dubai sasa, na hili lisichelewe. Imarati hawana mtindo wa Ulaya wa kukuacha na aina mbili: ukiwa na faili la ukaazi lililo wazi, mfumo haukupi viza mpya ya matembezi mpaka la kwanza lifungwe. Ukaazi wa kawaida hufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita, nawe umefikisha minne. Usiuache ufe wenyewe. Mwandikie mwajiri wako wa zamani sasa, mwombe aufute rasmi, na anaweza kuufuta hata ukiwa nje ya nchi. Hatari si ukaazi kuisha, hatari ni mwajiri kuripoti kwamba umetoroka kazini, kwani ripoti hiyo inaweza kukufungia mlango wa nchi ile. Pata uthibitisho wa kufutwa uuweke. Wanafunzi wangu wa Pwani wengi walikwenda huko kwa viza ya matembezi wakaanza kazi kabla ya kubadilisha, wakidhani ni kawaida kwa sababu kila mtu anafanya. Nawapenda mno, siwezi kuwaficha: mfanyakazi wa namna hiyo hana mahali pa kushtaki mshahara wake ukizuiwa.

Ajenti wako. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, nawaona mawakala wapya kila kona, wengine waaminifu, wengine hawajui wanachokiuza. Makubaliano yale hayakuondoa sharti lolote la viza. Hakikisha wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na neno “nyamaza” likitoka kwake tena, usilifuate. Fomu ikikuuliza viza ulizowahi kupata au kunyimwa, andika zote. Kwa Marekani, udanganyifu wa makusudi ili kupata viza unaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Uingereza ni miaka 10. Kuwa na viza nyingi ulizozitumia vizuri ni sifa, kwa nini uzifiche?

Viza ya Marekani iliyo kwenye pasipoti ya zamani ni halali mpaka tarehe yake, mradi stika haijaharibika. Utasafiri na pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya. Usijaribu kuibandua uihamishe. Na wakati mwingine utakapobadilisha pasipoti, mwombe afisa asikate wala kutoboa ukurasa wenye viza hai.

Ukipenda, niandikie ANMERKUNGEN zako zinasema nini, neno kwa neno. Ukipiga picha, funika namba ya pasipoti na ya viza kwanza.