Kabla hujanunua shotigani: kwa wanaoanza skiti kambini

Askari mpya akihamia kambi ya Jeshi la Anga la Marekani yenye uwanja wa skiti, mchezo wa kupiga kwa bunduki ya shotigani visahani vinavyorushwa hewani, swali lake la kwanza huwa anunue shotigani gani. Usinunue bado. Uliza kama klabu ina za kukodi, jaribu geji 12 na geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mpaka upate inayokaa vizuri begani. Kitako kisichokutosha kinakuzoesha kuinua kichwa, na kichwa kikiinuka marisaa, yaani chembe za risasi, hupita juu ya kisahani.

Wewe unayeishi bwenini una sababu nyingine ya kusubiri. Silaha binafsi haikai chumbani: huandikishwa kwa askari wa ulinzi wa kambi na kutunzwa kwenye ghala la silaha. Wenye nyumba za familia wana utaratibu wao. Masharti hutofautiana kambi na kambi, kwa hiyo soma ya kwako kabla silaha haijapita getini, na usitosheke na maneno ya mwenzako wa chumba. Kosa la aina hii haliishii klabuni, humfikia kamanda.

Tuje kwenye kulenga. Uwanja una vibanda viwili vya mashine za kurusha visahani, kirefu kushoto na kifupi kulia, vituo saba kwenye nusu duara na cha nane katikati. Raundi moja ni visahani 25. Mwalimu mkali kuliko wote ni kituo cha nne. Hapo kisahani kinakatiza mbele yako kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde, na kiko umbali wa mita 19 hivi. Marisaa huchukua kama sehemu sita za mia za sekunde kukifikia, na katika muda huo kisahani kimeshasogea zaidi ya mita moja. Ukikilenga chenyewe, unapiga hewa kilikotoka. Tangulia mbele yake, fyatua, kisha endelea kuusogeza mtutu. Nimeona wengi wakitangulia vizuri kabisa, halafu wanausimamisha mtutu wakati wa kufyatua, na kisahani kinaondoka kizima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyouleta mchezo huu kambini. Skiti ilibuniwa na wawindaji wa Massachusetts kama mazoezi ya kupiga ndege warukao. Katika Vita vya Pili vya Dunia, shule za wapiga rashasha wa ndege za kivita, kama ile ya Las Vegas ambayo leo ni kambi ya Nellis, ziliichukua ili kuwafundisha vijana kutangulia shabaha. Walianza wakiwa wamesimama chini, kisha wakapandishwa malori yanayotembea, wakipiga kwa shotigani visahani vilivyorushwa kando ya njia. Rashasha za angani zilikuja baadaye. Naipenda historia hii, na ningetaka kila mgeni aijue kabla ya raundi yake ya kwanza.

Adabu za uwanjani ni chache na hazina mjadala. Shotigani hubaki wazi na tupu mpaka usimame kituoni na zamu yako ifike. Miwani na viziba masikio ni lazima, hata kwa mtazamaji. Okota maganda ya risasi zako.

Ukikosa mara nyingi, usibadili bunduki. Mwombe mstaafu mmoja wa klabuni asimame nyuma ya bega lako. Mzoefu akiwa hapo huweza kuona kama umepiga nyuma, juu au chini ya kisahani, jambo ambalo wewe uliyeshika bunduki hulioni.