Kabla hujaishika RAM: umeme tuli na kompyuta ya nyumbani

Cheche ya umeme tuli huanza kusikika kidoleni inapofika takriban volti 3,000. Baadhi ya saketi zilizomo ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) au SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) huumia kwa volti 100 au hata pungufu. Kwa hiyo ule utetezi wa "mbona sijapigwa shoti" hauna uzito: unaweza kuiua RAM mkononi mwako usisikie lolote. Wala si lazima ife papo hapo. Chipu ikijeruhiwa kidogo, kompyuta huweza kuwaka vizuri leo, kisha baada ya wiki kadhaa ikaanza kuganda, kujizima na kuharibu mafaili. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka kwamba ilifunguliwa juu ya zulia.

Umeme huu hautoki ukutani, unauzalisha wewe. Soksi zinasuguana na zulia, fulana ya polista inasuguana na kiti cha plastiki, sweta linavuliwa kichwani, na mwili unabeba chaji hadi uguse kitu ambacho kiwango chake ni tofauti. Hapo ndipo inaporuka. Mwili, kasha la kompyuta na kipuri kipya vikiwa kwenye kiwango kimoja, hakuna cha kuruka, iwe nyumba ina ethi (waya unaounganisha nyaya za nyumba na ardhi) au haina. Wengi huhangaikia ethi wakasahau hilo la kujisawazisha na kasha, ambalo ndilo lenye kazi.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuacha plagi kwenye soketi huku swichi imezimwa, ili kasha libaki limeunganishwa na ardhi. Katika nyumba iliyofungwa waya sawasawa una mantiki, maana swichi ya soketi zetu za pini tatu haikati ethi. Hata hivyo hatuupendi. Kuna nyumba ambazo ethi haipo au imekatika zamani, na zipo ekstensheni za bei rahisi zenye matundu matatu huku ndani mkipita waya mbili tu. Kompyuta ya mezani ikitumika bila ethi, kichujio kilicho ndani ya pawa saplai (boksi linaloipa kompyuta umeme) huliacha kasha likielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, yaani 115 hadi 120. Ndiyo maana makasha mengine ukiyapitishia mgongo wa mkono yanawashawasha. (Likikufanyia hivyo, usimlaumu fundi wa kompyuta, mwite fundi umeme aipime ethi.) Isitoshe, mtu akiiwasha swichi bila kujua, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inapata volti 5 za akiba hata kama kompyuta haijawashwa, na RAM ikichomolewa katika hali hiyo inaweza kuungua kwa umeme wa kawaida kabisa. Chomoa plagi.

Basi, zima kompyuta kabisa, isiwe imelala tu. Chomoa plagi, kebo ya skrini, spika na mtandao. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie sekunde 10 ili chaji iliyobaki kwenye kapasita (vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji) iishe; mazabodi yenye taa ndogo ya ndani, subiri izimike. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Kwa laptopu, ukishaondoa mfuniko wa chini, kitu cha kwanza ni kuchomoa kiunganishi cha betri.

Sasa gusa chuma. Kiwe chuma kitupu, kwa sababu rangi huzuia umeme kupita: wavu wa nyuma wa pawa saplai usiopakwa rangi, kichwa cha skrubu, au fremu ya ndani. Kwenye laptopu, tafuta ganda la chuma la mlango wa USB. Gusa kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na ukiweza uache kifundo cha mkono kikiegemea fremu muda wote wa kazi. Ukiinuka kufuata bisibisi, gusa tena ukirudi, maana kule kuinuka tu kwenye kiti cha plastiki kunatengeneza chaji nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kipuri kipya kiache ndani ya mfuko wake. Ushike mfuko kwa mkono mmoja, mkono wa pili uguse fremu kwa sekunde mbili tatu, kisha ndipo ufungue na kukitoa kwa kukishika kingo, vidole visifike kwenye meno ya dhahabu yanayoingia kwenye mazabodi. Mtu akikupa RAM mkononi, mgusane mikono kwanza.

Mifuko nayo inachanganya watu. Wenye rangi ya fedha hukinga, kwa sababu una tabaka la metali. Ule wa waridi hauzalishi chaji lakini hauzuii cheche inayotoka nje. Mfuko wa kawaida wa plastiki na sponji jeupe la kwenye maboksi ya TV ni adui, na kitambaa cha plastiki cha meza ya chakula kimo humohumo. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi. Usiiweke juu ya mfuko wa fedha ukaiwasha kuijaribu, kwa kuwa mfuko unaweza kupitisha umeme chini ya pini. Duka likikupa RAM bila mfuko, karatasi ya alumini ya jikoni inafaa kuifungia. Mazabodi usiifunge humo, kwa sababu ina betri ndogo ya duara ya CR2032 na alumini itaipiga shoti.

Mkanda wa mkononi wenye waya na klipu ni kitu kizuri na si ghali. Ndani yake kuna rizista (kipuri cha kupunguza mkondo wa umeme) ya ohm milioni 1, ambayo huachia chaji polepole, na ikitokea umegusa volti 240 inaruhusu miliampia 0.24 tu kupita mwilini. Upime kwa mita kati ya bamba linalogusa ngozi na klipu. Mita ikionyesha haupitishi kabisa, waya umekatika ndani na umevaa pambo. Klipu ibane chuma kitupu cha kasha. Ile mikanda isiyo na waya haifanyi kazi, na hakuna namna ya kuitetea.

Hewa kavu huzidisha tatizo. Dodoma wakati wa kiangazi, au chumba chenye heater wakati wa baridi huko Ulaya na Marekani, kuwe na uangalifu zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Ila kiyoyozi hukausha hewa hata pwani. Vaa pamba, vua soksi, fanya kazi juu ya vigae au sakafu ya saruji.

Vumbi usilifyonze kwa mashine ya kusafishia zulia: mdomo wake wa plastiki hujaa chaji. Tumia blowa ukiwa mbali kidogo, na uzuie feni kwa kidole, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuzalisha umeme wake na kuurudisha kwenye mazabodi. Vivyo hivyo ile desturi ya kusugua meno ya RAM kwa raba ya penseli: inasugua, kwa hiyo inazalisha chaji, na inakwangua dhahabu. Pamba ya sikio iliyochovywa kwenye aisopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi inatosha.

Ukirudisha nyaya, anza na skrini na spika, plagi ya ukutani iwe ya mwisho. TV na kompyuta zisizo na ethi zikiunganishwa kwa HDMI huku zote zimewashwa, milango ya HDMI huweza kuungua. Kompyuta ikipiga mlio bila kuonyesha picha, usikimbilie kusema RAM imekufa. Chomoa plagi, itoe, irudishe kwa kuikandamiza hadi vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Mara nyingi ilikuwa haijaingia sawasawa.